Kwanini historia ya Mchagga ukitaka kuisoma mpaka uombe Ujerumani? Maktaba zetu zimebaki na nini?

#1 Mwl_Kidia
Wakuu habari za jioni, naenda kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mwalimu hapa Moshi, nina kautafiti kangu juu ya mamangi wa Kilimanjaro. Kila kitabu ninachofungua kinanirudisha kwa mtu mmoja, Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyeandika historia ya umangi kwa mkono wake kwenye madaftari, miaka ya 1910 huko. Bruno Gutmann, yule mmisionari wa Kijerumani, kamtumia, Kathleen Stahl kwenye kitabu chake cha historia ya Wachagga cha 1964 kamtumia, waliokuja nyuma wote wanamnukuu Stahl. Sasa madaftari yenyewe yako wapi? Kila ninayemuuliza ananitajia mahali pengine.

Halafu kuna hiki cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, toleo la kwanza la 1947. Nimeenda maktaba moja (siitaji jina), kadi yake kwenye droo ipo, imepigwa taipureta safi kabisa, nakwenda kwenye rafu patupu. Mhudumu ananiambia "kilikuwepo".

Hoja yangu ni kwamba vitu adimu vya kwetu havipo kwetu kwa sababu wazungu walivibeba. Anayebisha aje na hoja siyo matusi.

#2 Chalii wa Ngarenaro
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Ndizi Mshare
@Chalii wa Ngarenaro hizo karanga umefungiwa na ukurasa wa kitabu gani? Angalia vizuri chalii yangu, huenda ndo Marealle anayetafutwa.

#4 mtunza_rafu
Mwalimu nimefanya kazi maktaba miaka mingi, niseme kidogo. Marealle amechapishwa upya na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kama unataka kusoma tu alichosema, kanunue hicho uendelee na maisha.

Na ile kadi kubaki wakati kitabu hakipo wala siyo maajabu. Kitabu kikikaa rafu ya wazi na kila mtu anakitaka, ipo siku kitaondoka chini ya koti. Kadi haina mtu wa kuiiba. Hapo hamna mzungu, ni msomaji wetu wa hapahapa tena pengine ni mwalimu mwenzako.

#5 Mwl_Kidia
@mtunza_rafu hahaha sawa mkuu. Cha 2002 ninacho. Ninataka cha 1947 kwa sababu wazee walikuwa wanaandika pembeni, "huyu kasema uongo, baba yangu alikuwepo", vitu kama hivyo. Kwenye chapa mpya hayo huyapati.

#6 Meku Mstaafu
Vijana mnamsingizia mzungu kirahisi sana. Mimi nilikuwa mwanafunzi na baadaye mwalimu kwenye shule iliyokuwa ya misheni. Mnakumbuka serikali ilivyochukua shule za madhehebu, sheria ya elimu ya mwaka 1969 na kuendelea? Mimi siipingi hiyo sheria, watoto wa kila dini walipata shule. Ila kila shule ya misheni ilikuwa na maktaba yake na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Vitabu ni vya kanisa au vya shule? Hakuna aliyekuwa na jibu. Vingine vilihamishiwa nyumba ya mchungaji, vingine vikabaki stoo vikanyeshewa, vingine walimu tuligawana. Ndiyo, tuligawana, tukiona tunaviokoa. Mwenzangu mmoja alikuwa na Mambo Leo nyingi zilizofungwa pamoja kwa kamba, gazeti lililoanza 1923 mnalijua? Alipofariki watoto walitoa sanduku nje, mvua ya masika ikamalizia.

Kwa hiyo hoja yangu kwa mleta mada ni kwamba mwizi mkubwa alikuwa utaratibu kutokuwepo.

#7 Chalii wa Ngarenaro
Meku shikamoo. Ila hapo kwenye "tuligawana" umejilipua mwenyewe 😂

#8 Meku Mstaafu
Marahaba. Ninavyo na vimefungwa nailoni, wewe chako kiko wapi?

#9 Msomi_Halle
Nipo Ujerumani kimasomo, kwetu Machame. Ngoja niweke kitu cha uhakika maana uzi umeanza na lawama kabla ya taarifa.

Wamisionari wa Leipzig ndio waliofanya kazi Kilimanjaro na Meru. Nyaraka za misheni hiyo, barua, shajara, ripoti za kila kituo, ziko hapa Halle kwenye taasisi inaitwa Franckesche Stiftungen. Zinatunzwa, unaomba, unakaa mezani, unaletewa boksi moja moja. Picha zao za Kilimanjaro nyingi ziko onlaini bure kabisa kwenye maktaba ya dijitali ya chuo cha USC cha California, mtu akiwa Mbuyuni na bando lake anaziangalia. Nilimwonyesha bibi yangu kwa simu kanisa la kwao lilivyokuwa, alikaa na ile simu mpaka chaji ikaisha.

Sasa kuhusu "walibeba". Kilichopo Halle kikubwa ni walichoandika wao wenyewe kwa wakubwa zao. Barua uliyoiandika wewe ukaituma nyumbani huwezi kuambiwa umeiba. Tatizo ni kwamba ndani ya hizo barua kuna maneno ya babu zetu, waliohojiwa wakiwa wamekaa chini ya mgomba na majina yao mara nyingi hayakuandikwa.

#10 Mwl_Kidia
Hapo ndo penyewe! Gutmann kakaa huku tangu 1902 mpaka 1938 ukitoa miaka aliyofukuzwa. Juzuu tatu za mafundisho ya Wachagga, 1932 mpaka 1938, ndani kuna Kichagga na Kijerumani. Yale ni maneno ya wazee wa Old Moshi. Kwenye jalada jina la nani? Gutmann.

#11 Kibo na Mawenzi
Mleta mada na Msomi wote mmeruka vita. Vita vya kwanza Mwingereza alipoingia, wamisionari wa Kijerumani walikuja kuondolewa, mwaka 1920 hao wa Leipzig walitolewa, wakarudi katikati ya miaka ya ishirini. Vita vya pili tena wakakamatwa kama raia wa adui. Sasa fikiria nyumba ya mtu msomi mwenye makabati ya karatasi, anaambiwa fungasha uondoke. Nani alibaki na funguo? Nadharia yangu mimi ni kwamba vitu vingi vilipotea hapo katikati, havikwenda Ulaya wala havikubaki kwetu.

#12 Dalali Mnara wa Saa
Nanunua vitabu vya zamani vyote, Biblia za zamani, magazeti ya mkoloni, daftari za mababu, stempu, hela za Mjerumani. Bei nzuri. Njoo inboksi.

#13 Mama Nuru Sakina
Mimi nina Biblia ya Kiswahili ya 1952 ya mama mkwe, jalada jeusi, haijachanika. Hiyo inaweza kuwa milioni ngapi jamani, ada za shule zinakaribia.

#14 mtunza_rafu
@Mama Nuru Sakina dada pole. Hiyo ya 1952 ni ile ya Union Version, imechapwa kwa maelfu na maelfu, kila nyumba ya mlokole inayo. Kuukuu siyo adimu. Kitu kinakuwa adimu pale nakala zilizobaki ni chache NA kuna watu wanaozitafuta. Kitabu kinaweza kuwa cha juzi tu, kilichapwa nakala mia kikagawiwa harusini, kikawa adimu kuliko Biblia yako. Ila angalia kurasa za mwanzo, kama mama mkwe ameandika vizazi na vifo vya ukoo hiyo usimpe mtu hata kwa milioni.

#15 Mama Nuru Sakina
Ameandika. Na madeni ya watu wa vikoba ameandika pia 🤣 mmoja ni jirani yangu mpaka leo.

#16 Ndizi Mshare
Hiyo sasa ndo nyaraka adimu. Skani haraka kabla jirani hajasoma huu uzi.

#17 Bint Pangani
Naishi Njiro ila ni mtu wa pwani, niruhusuni nichangie maana nyie wa mlimani mnadhani yamewakuta nyie peke yenu.

Utendi wa Tambuka, kile chuo (yaani kitabu) cha Herekali cha Bwana Mwengo wa Pate, nakala yenye tarehe ya 1728 iko Hamburg. Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana ni za Kilwa, za mwaka 1711, ziko Goa, India, kwa kuwa Mreno ndiye aliyekuwa anaandikiana na watu wa Kilwa. Miswada kibao ya mashairi iko chuo cha SOAS London, ya wazungu waliokusanya, akina Taylor na Hichens. Kwa hiyo kwenye orodha ya walioachwa bila karatasi zao sisi tulitangulia.

Lakini sasa hapa ndipo ninapotofautiana na #1. Lamu palikuwa na mzee Muhamadi Kijumwa, mtu wa hati nzuri ajabu, mshairi, mchongaji. Wazungu walikuwa wanamwandikia, tunaomba utendi fulani, naye ananakili kwa mkono, anapamba, anatuma, analipwa. Alice Werner alimtumia, Hichens alimtumia, Dammann alimtumia. Sehemu ya kilichoko Ulaya ni kazi ya oda ya Kijumwa. Huyo aliibiwa au alikuwa fundi na soko lake? Mimi nasema alikuwa fundi.

#18 Kibo na Mawenzi
@Bint Pangani sawa alilipwa, ila je ile nakala ya zamani aliyokuwa ananakili kutoka kwake iko wapi leo? Swali ni hilo.

#19 Bint Pangani
Zingine zimekwisha kwa mchwa na unyevu wa bahari, zingine ziko nyumba za watu Lamu na Siu hawataki kuzitoa. Na siyo kila kitu kiko nje, tusikuze. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyo wa J.W.T. Allen, alizunguka pwani akakusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu na kanda za kurekodi, katalogi yake ilichapwa Leiden 1970. Zanzibar nyaraka zao za Kiarabu ziko kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 2003, na zile za Mjerumani zilizoko Dar zimeorodheshwa tangu 1997. Msikiti wa Riyadha Lamu nao miswada yao imepigwa picha kwa ule mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na vitabu vyenyewe havikuondoka msikitini. Ni wangapi kati yenu mmewahi kupanda basi kwenda kuangalia hizo za Dar? Mnalilia Hamburg na Dar hamjafika.

#20 Chalii wa Ngarenaro
Dada kapiga palepale. Wachagga Dar wanakwendaga kuangalia fremu za kukodi tu 😂😂

#21 Kihamba Changu
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme kinachonikera. Mnazunguka Ujerumani, Goa, London. Mimi kwetu Kibosho lipo daftari. Babu alikuwa katekista, kaandika kwa penseli na wino, Kichagga na Kiswahili kimechanganyika. Ukoo umetoka wapi, nani alipewa kihamba (shamba la ukoo la migomba) na nani, mfereji ulichimbwa na nani na zamu za maji zilikuwaje, ng'ombe wa nani alitoka kwa mahari ya nani. Nimeliona mara moja nikiwa mdogo.

Liko kwenye sanduku la bati, sanduku liko chini ya kitanda cha baba mkubwa, funguo anazo yeye. Hamna mtu anaruhusiwa kugusa. Unajua kwanini? Kwa sababu ndani mle kuna mstari unaosema upande wa chini wa kihamba ulikuwa wa nani, na wajukuu wa huyo mtu wako hai, na wana hamu.

Kwa hiyo nadharia yangu nyie wasomi iongezeni kwenye orodha. Maandiko ya kale huku kwetu hayapo maktaba kwa sababu yana ardhi ndani yake.

#22 Ndizi Mshare
Aisee. Huu uzi umekuwa wa moto ghafla.

#23 Mwl_Kidia
@Kihamba Changu mkuu umenitoa usingizini. Hivi baba mkubwa hawezi kukubali tupige picha kurasa zisizo na mipaka? Mfereji na zamu za maji peke yake ni dhahabu. Wachagga na mifereji yao watu wanaandika tasnifu kwa kukisia.

#24 Kihamba Changu
Mwalimu hujamjua huyo mzee. Nilishamwambia habari za skani, akaniuliza hiyo skani inakwenda kwa nani ikishatoka kwenye simu. Nikakosa jibu. Na kusema kweli wewe unalo?

#25 Meku Mstaafu
Mzee yuko sahihi. Miaka ile ya Mambo ya Umangi watu walipeleka karatasi kwenye baraza zikarudi zimebadilika.

#26 Kibo na Mawenzi
Meku hapo tupe ushahidi, "zikarudi zimebadilika" ni tuhuma nzito.

#27 Meku Mstaafu
Ushahidi uko kwenye sanduku la baba yake mkubwa huyo.

#28 Wakili Mtarajiwa
Kisheria kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na huwezi kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Daftari la katekista halifiki huko ingawa waziri ana nguvu ya kutangaza kitu kilindwe. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya 1975 inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kitabu chake. Hiyo inahusu vitabu vilivyochapwa, na 1947 ya Marealle ilikuwa imeshapita kitambo. Kwa ufupi daftari la babu ni mali ya familia kama shoka au jembe. Mgogoro wa nani kati ya warithi ni mwenye daftari huo ni wa mirathi, poleni sana.

#29 Chalii wa Ngarenaro
1863 kwanini? Kulitokea nini 1863?

#30 Wakili Mtarajiwa
Usiniulize mimi arifu, mimi nasoma kilichoandikwa.

#31 Fundi Jalada
Nina kibanda cha kubandika vitabu Arusha, najua karatasi kuliko ninavyojua siasa. Nyote mmemsahau adui namba moja, naye ni karatasi yenyewe.

Karatasi ya zamani sana ilitengenezwa kwa vitambaa, inadumu. Kuanzia karne ya kumi na tisa wakaanza kutumia mbao, ndani yake kuna asidi, inajila yenyewe. Ndo maana gazeti la miaka ya hamsini ukilikunja linakatika kama chapati iliyolala, wakati muswada wa 1728 wa dada Bint Pangani bado upo. Na wino wa chuma wa zamani nao unatoboa karatasi, utakuta herufi zimekuwa matundu. Kwa hiyo hata kama hakuna aliyeiba na hakuna aliyegawana (@Meku Mstaafu nakuangalia) nusu ya hivyo vitu vingekuwa vumbi tu.

Nawaomba kitu kimoja. Msibandike selotepu. Naletewa Biblia za ukoo zimebandikwa selotepu ya kahawia kama boksi la nyanya, gundi imeingia kwenye karatasi, haitoki. Na msipige laminesheni. Ukishapiga laminesheni umeifukia hai. Na selotepu naomba nirudie, msibandike.

#32 Mama Nuru Sakina
Ya kwangu ina selotepu.

#33 Fundi Jalada
Nilijua.

#34 Kibo na Mawenzi
Na mkishika hivyo vitabu vaeni glavu nyeupe kama kwenye sinema, jasho lina chumvi.

#35 mtunza_rafu
@Kibo na Mawenzi hapana, hiyo ya glavu kwa karatasi wengi wameshaacha. Ukivaa glavu vidole havihisi ukurasa, unachana bila kujua. Osha mikono, kausha vizuri, basi. Glavu ni za picha na vitu vya chuma.

Wadudu je? Kama sanduku lina mende, mchwa, au vile vidudu vyembamba vinavyokimbia ukifungua kitabu, usipulize dawa ya mbu. Funga kitabu kwenye nailoni, toa hewa, ziba vizuri, weka kwenye friza la baridi kali, kama nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima au zaidi. Ukitoa usifungue nailoni mpaka kizoee joto la chumba, la sivyo umande unatanda juu ya karatasi. Kitabu kilicholowa au chenye jalada la ngozi uliza fundi kwanza.

#36 Ndizi Mshare
Friza la bucha linafaa? Maana mjomba ana bucha Majengo. Maisha ya Mchagga katikati ya utumbo na makongoro, hapa duniani na ahera.

#37 Msomi_Halle
😂😂😂 nimechekea maktaba watu wamegeuka wote.

#38 Chalii wa Ngarenaro
Hivi na yule mzungu wa theluji za Kilimanjaro, Hemingway, muswada wake uko Moshi au?

#39 Msomi_Halle
Hiyo hadithi ilitoka kwanza kwenye jarida la Esquire, Marekani, 1936, baada ya safari yake ya huku 1933 na 34. Karatasi zake nyingi ziko Boston kwenye maktaba ya Kennedy. Moshi hakuna kitu chake isipokuwa jina lake kwenye mabango ya kampuni za utalii.

#40 Kibo na Mawenzi
Unaona sasa. Mtu kapita tu hapa kawinda, anaharisha, karudi kwao, na kila kikaratasi chake kina boksi na namba. Mtui alizaliwa hapa, kaandika historia nzima ya mlima, tunaulizana daftari liko wapi.

#41 mtunza_rafu
Kwa sababu Boston wana hela mkuu. Nyie mnadhani kutunza ni kuweka kabatini. Ghala la nyaraka linataka joto lisipande na kushuka, unyevu udhibitiwe, moto usizimwe kwa maji, umeme usikatike. Mkoani tunapambana na paa lisivuje.

#42 Mama Nuru Sakina
Mbona Arusha lipo? Lakilaki pale, jengo la ile mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyobaki na kazi za kesi za Rwanda, lilifunguliwa 2016, lina sehemu ya nyaraka ya kisasa kabisa, shemeji yangu alifanya kazi za ujenzi pale.

#43 mtunza_rafu
Lipo, na ni la nyaraka za mahakama, siyo la daftari la babu. Ila asante umenisaidia, maana inaonyesha hali ya hewa ya Arusha siyo kisingizio. Kinachotakiwa ni mtu aamue na alipe, na alipe kila mwezi siyo siku ya kukata utepe tu.

#44 Dalali Mnara wa Saa
Ndo maana nasema niuzieni mimi. Kikiwa na bei kitatunzwa. Kitu cha bure hakitunzwi. Mnanicheka lakini nimeokoa vitabu vingi Kiboriloni kwenye marundo ya mitumba vilivyokuwa vinakwenda kufungia maandazi.

#45 Bint Pangani
@Dalali Mnara wa Saa umeviokoa ukaviuza kwa nani?

#46 Dalali Mnara wa Saa
Kwa mteja.

#47 Bint Pangani
Mteja anakaa wapi?

#48 Chalii wa Ngarenaro
Dalali kaingia mitini 😂

#49 Meku Mstaafu
Pamoja na hayo huyo dalali ana hoja moja, simpendi lakini anayo. Vile nilivyo navyo mimi, wanangu wako Dar na Kanada, hakuna hata mmoja anasoma Kimochi (Kichagga cha Old Moshi). Nina Agano Jipya la Kimochi la Gutmann, nina nakala kadhaa za Komkya, gazeti letu la miaka ya hamsini. Nikiondoka leo itakuwa sanduku kwenye mvua kama la mwenzangu. Nikipeleka maktaba, mtunza_rafu anasema paa linavuja. Nikimpa dalali, zitakwenda kwa "mteja". Nikipeleka Makumira chuoni, wale ni wa kanisa watataka vya kanisa, Komkya wataifanyia nini?

#50 mtunza_rafu
Meku, sikusema usilete. Nimesema ukweli wa paa. Ukileta, lete kwa barua, nakala mbili, orodha ya kila kitu, na uandike masharti, kisitoke nje ya jengo, kisomwe mezani, kisifutwe kwenye daftari la mali bila familia kuulizwa. Mtu akileta boksi bila barua anaondoka, boksi linakuwa la hakuna mtu, akija mkuu mpya anachambua rafu linakwenda na vilivyochakaa. Nimeona hiyo kwa macho yangu. Na kabla ya kuleta piga picha kila ukurasa, simu tu inatosha, mchana karibu na dirisha, bila fleshi.

#51 Kibo na Mawenzi
Kwa hiyo tumefika wapi? Wazungu, vita, kutaifisha shule, wezi wa rafuni, asidi, mchwa, kihamba, paa. Mleta mada bado unashikilia kwamba walibeba?

#52 Mwl_Kidia
Nashikilia kwa Gutmann na nashikilia kwa Mtui mpaka mtu aniambie madaftari yalipo. Mengine nimewasikia. @Msomi_Halle kaka naomba uniangalizie kwenye katalogi ya hapo jina la Mtui, pia ujaribu walivyokuwa wanaliandika Wajerumani maana majina yetu waliyapinda.

#53 Msomi_Halle
Nitaangalia wiki hii mwalimu. Usitegemee sana, vitu vingine vimeorodheshwa kwa jina la kituo siyo la mwandishi, kwa hiyo nitaanza na Marangu na Mamba. Niandikie inboksi miaka unayoitaka.

#54 Kihamba Changu
Nimempigia baba mkubwa baada ya huu uzi. Kasema mwalimu aje Jumapili baada ya ibada, aje mwenyewe, simu aiache nje, atasomewa kuhusu mfereji tu, akitaka kuandika aje na kalamu yake. Na aje na kilo mbili za nyama.

#55 Ndizi Mshare
Nyama ipo, mjomba ana bucha. Friza pia lipo.

#56 Mwl_Kidia
@Kihamba Changu nakuja. Kilo tatu.

#57 Fundi Jalada
Mwalimu ukifika chungulia jalada la hilo daftari limefungwaje, kwa uzi au kwa pini. Kama ni pini zitakuwa zimeota kutu zinakula karatasi, mwambie mzee nitakuja kuzitoa bure hata mbele ya macho yake.

#58 Mama Nuru Sakina
Fundi na mimi je, selotepu yangu?

#59 Fundi Jalada
Lete Jumatatu dada. Usiivute mwenyewe.